FAIDA YA BENKI IMETOKA WAPI?

(Maneno ya hotuba ya Kamati ya Elimu ya Chama mbele ya wanachama wa Sangailu, Kaunti ya Garissa)



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la mabwana wakubwa wa Nairobi peke yao. Jambo lenyewe ni hesabu za benki. Kila mwaka mabenki hutoa hesabu zao magazetini, tarakimu zimejaa ukurasa mzima, na mfanya kazi hufungia sukari karatasi ile bila ya kuisoma. Twasema hilo si jambo zuri, na tutawaeleza sababu zake.

Sababu ya kwanza ni kuwa mshahara wa mwalimu, wa muuguzi, wa dereva na wa karani wa kaunti hupita benki kabla haujafika mkononi. Sababu ya pili ni kuwa ndugu zetu wanaofanya kazi ndani ya benki, wanapodai nyongeza au wanapopinga tawi kufungwa, hujibiwa kwa hesabu. Asiyejua hesabu hunyamaza. Sababu ya tatu yatuhusu sisi wa upande huu wa mto Tana. Tumezoea kuambiwa ya kuwa nchi yetu ni nchi ya hasara. Leo twataka kuuliza hasara hiyo imehesabiwa vipi, na ni nani aliyeihesabu.

HESABU ZA JUMLA NA HESABU ZA MAFUNGU

Tuanze na jumla. Mwezi wa Machi 2025 mabenki makubwa mawili ya Kenya yalitoa hesabu za mwaka 2024. KCB ilitangaza faida ya Shilingi bilioni 61.8 baada ya kodi, na mwaka 2023 ilikuwa imepata bilioni 37.5. Equity ilitangaza bilioni 48.8, na mwaka 2023 ilikuwa bilioni 43.7. Ukiyajumlisha mabenki mawili haya, faida ya mwaka mmoja inapita Shilingi bilioni 110.

Jumla hii haitoshi kumwelimisha mtu. Mfugaji mwenye ng'ombe katika maboma matatu hawezi kujua habari za mali yake kwa kuambiwa tu ya kuwa wote pamoja ni mia tatu. Hutaka kujua wangapi wako karibu na nyumbani wanaokamuliwa, wangapi wako mbali kwenye malisho, na boma lipi lina ugonjwa. Mwenye hisa wa benki hutaka kujua vivyo hivyo. Kwa hiyo benki hugawanya hesabu zake mara mbili. Mara ya kwanza huzigawa kwa nchi: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Kongo, Sudan Kusini. Mara ya pili huzigawa kwa aina ya biashara: wateja wadogo, makampuni makubwa, mikopo ya nyumba, na hazina ya benki, yaani idara inayonunua hati za Serikali na fedha za kigeni.

Kugawa huku si hiari. Kanuni ya kimataifa ya hesabu namba 8, ijulikanayo kama IFRS 8, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2009, na yaamuru kampuni ambayo hisa zake huuzwa sokoni ionyeshe mafungu yake jinsi wakubwa wake wenyewe wanavyoyatazama wanapoamua mambo. Maana yake ni kuwa ukisoma mafungu hayo unachungulia katika meza ya mkubwa wa benki.

MAFUNGU YA NCHI

KCB ya leo asili yake ni tawi la Benki ya Taifa ya India lililofunguliwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1970 Serikali ya Kenya ilinunua hisa 60 kwa mia, ndipo ikaitwa Kenya Commercial Bank. Ilivuka mpaka kwenda Tanzania mwaka 1997, ikafuata Sudan Kusini, Uganda, Rwanda na Burundi, na Desemba 2022 ikanunua sehemu kubwa ya benki ya TMB ya Kongo. Equity ilianza mwaka 1984 kama chama cha kukopesha fedha za nyumba huko Murang'a, ikawa benki mwaka 2004, na sasa karibu nusu ya mali yake iko nje ya Kenya, kubwa zaidi ikiwa Kongo.

Katika hesabu za nchi kuna mtego mmoja ambao kila mwanachama aujue. Kampuni ya Kongo hufanya biashara nyingi kwa dola, lakini hesabu zake huletwa Nairobi zikageuzwa kuwa shilingi. Mwisho wa 2022 dola moja ilikuwa karibu Shilingi 123. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 157. Mwisho wa 2024 ilikuwa karibu 129. Chukueni mali ya dola milioni 10 ambayo haikuongezeka wala kupungua. Kwa shilingi ilikuwa bilioni 1.23, ikawa bilioni 1.57, kisha ikarudi bilioni 1.29. Hakuna karani wa Kinshasa aliyefanya kazi zaidi mwaka wa pili, wala aliyezembea mwaka wa tatu. Ni shilingi iliyoshuka kisha ikapanda. Kwa hiyo mtu akiwaambia "nchi fulani imetushusha mwaka huu, hakuna nyongeza ya mishahara," muulizeni kwanza: imeshuka kwa fedha ya kule, au kwa fedha ya hapa?

MAFUNGU YA BIASHARA

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo mambo ya Garissa yanapojificha.

Tawi la benki katika mji wa mbali lina kazi kubwa moja, nayo ni kukusanya amana, yaani fedha ambazo watu huweka. Mwenye duka huweka mauzo, mwalimu huacha sehemu ya mshahara, mfanya biashara wa mifugo huweka alichopata baada ya kumlipa dalali katika soko la Garissa. Serikali ya Kaunti nayo hupata karibu Shilingi bilioni 8 kwa mwaka katika mgawo wa kaunti. Fedha hizo hukaa Benki Kuu kwanza, lakini zikitoka kulipa mishahara na makandarasi huingia katika mabenki ya biashara.

Tena liko jambo ambalo wenye hesabu hulijua vizuri ingawa hawalitangazi. Watu wetu wengi ni Waislamu na hawataki riba. Mtu akiweka fedha katika akaunti isiyo na riba, benki hupata fedha ya bure ya kufanyia kazi. Mwenye fedha ameiogopa riba kwa ajili ya dini yake, lakini benki ya kawaida haikuiogopa, nayo huikopesha fedha ile ile kwa riba kwingine.

Tawi likishakusanya amana, hazikai katika sanduku la tawi. Hupelekwa katika hazina ya benki Nairobi. Hazina hulilipa tawi bei fulani kwa fedha hizo. Hii ni bei ya ndani, haimtoki mtu wa nje wala haimwingii, na huwekwa na wakubwa wa benki wenyewe. Kisha hazina huchukua fedha hizo ikanunua bondi za Serikali, au ikazipa idara ya makampuni makubwa izikopeshe. Kumbukeni ya kuwa Februari 2024 Serikali ya Kenya iliuza bondi yenye riba ya zaidi ya 18 kwa mia. Benki haikuhitaji kutoka jasho kupata faida ya namna hiyo. Ilihitaji amana tu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni zetu wenyewe kwa ajili ya kufundishana, si za benki yo yote.

Tawi limekusanya amana za Shilingi milioni 100. Kwa kuwa wateja wengi hawachukui riba, hulipa riba ya milioni 2 tu kwa mwaka. Mishahara, walinzi, mafuta ya jenereta na kusafirisha fedha ni milioni 5. Bei ya ndani ni 6 kwa mia, basi hazina hulilipa tawi milioni 6. Toa 2, toa 5. Tawi limepata hasara ya milioni 1.

Hazina nayo imenunua bondi ya 13 kwa mia. Imepata milioni 13, imelilipa tawi milioni 6, imebaki na faida ya milioni 7.

Benki nzima je? Imepata milioni 13, imelipa riba milioni 2 na gharama milioni 5. Faida ni milioni 6, nayo imetokana na amana za tawi lile lile lililoandikwa hasara.

Sasa mkubwa wa benki aamue kubadili bei ya ndani iwe 9 kwa mia. Tawi litapata 9, litoe 2 na 5, libaki na faida ya milioni 2. Hazina itabaki na milioni 4. Jumla ni milioni 6 vile vile. Hakuna mteja aliyeongezeka, wala karani aliyeongeza bidii. Kilichobadilika ni kalamu.

Kisha kalamu hiyo yaweza kuandika tena. Makao makuu yana gharama zake: majumba, mitambo, matangazo, mishahara ya wakurugenzi. Gharama hizo hugawiwa matawi. Tawi letu la mfano likiandikiwa milioni 3 za makao makuu, faida yake ya milioni 2 yageuka hasara ya milioni 1. Lakini likifungwa kesho, majumba ya Nairobi hayatapungua hata chumba kimoja. Gharama ile itahamishiwa tawi jingine, na amana zikiwafuata wateja kwenda kwingine, faida ile ya milioni 6 itakuwa imepotea.

Ndugu, tusidanganyane. Gharama za huku ni za kweli. Njia ni mbaya wakati wa mvua, ulinzi ni ghali, na mkopo wa mifugo una hatari. Mwaka 2006 hadi 2007 homa ya Bonde la Ufa iliingia Garissa na Ijara, ikaua watu na mifugo, na soko la mifugo likafungwa. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya. Benki ina haki ya kuyahesabu hayo. Tunachokataa ni kuhesabiwa hatari yetu yote na kutohesabiwa amana zetu.

KUMI KWA MIA

Mtasema, basi tukasome katika hesabu za benki fungu la Garissa, au hata la Sangailu. Hamtalipata. Kanuni ile ile tuliyoitaja ina kipimo. Fungu lisilofika kumi kwa mia ya mapato, au ya faida, au ya mali ya kampuni, si lazima lionyeshwe peke yake. Laweza kuchanganywa katika fungu la "Mengineyo," alimradi yale yaliyoonyeshwa yafikie robo tatu ya mapato yote ya nje. Tena kanuni hiyo hutaka hesabu za nchi na nchi, wala haitaki hesabu za mikoa ndani ya nchi. Burundi yaweza kupata mstari wake. Kaunti ya Garissa haina mstari, na kata ya Sangailu, iliyo kusini huku Ijara kuelekea msitu wa Boni, haina hata nukta.

Kwa hiyo mtu wa Nairobi hawezi kuona faida ya Garissa katika kitabu. Lakini mtu yule yule husikia neno "hasara" katika mikutano. Neno limetolewa nje, na hesabu imefungiwa ndani.

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1965 Serikali ya Kenya ilitoa Waraka Namba 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Wizara iliyoutayarisha ilikuwa chini ya Tom Mboya, aliyekuwa kiongozi wa wafanya kazi kabla ya kuwa waziri. Waraka ule ulikuwa na mambo mengi mema. Lakini ulisema pia ya kuwa fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoleta mazao mengi zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, njia na umeme. Kaskazini Mashariki hatukuwa na njia kwa sababu fedha haikuja, na fedha haikuja kwa sababu hatukuwa na njia. Mpaka katiba ya 2010 ilipoleta kaunti na mgawo wake, hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyotutawala. Tusikubali irudi kwa mlango wa benki.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Jambo hili lina dawa, nayo imekwisha jaribiwa na wengine.

Mwaka 1969 India ilitaifisha mabenki makubwa 14, na malalamiko makubwa yalikuwa ya kwamba mabenki hukusanya fedha vijijini na kuzikopesha mijini. Hata leo Benki Kuu ya India hutangaza amana na mikopo ya kila wilaya. Mkulima wa huko aweza kujua ya kuwa katika kila rupia mia zilizowekwa wilayani kwake, ni ngapi zilizorudi kuwa mikopo ya wilaya hiyo.

Marekani, nchi ya matajiri wenyewe, ilipitisha sheria mwaka 1977 ya kuwa benki ichunguzwe kama inawakopesha watu wa mahali inapokusanya amana. Huko pia amana za kila tawi la benki hutangazwa kila mwaka. Mabenki yake hayakufa kwa kutangaza hayo.

Hapa kwetu Benki Kuu ya Kenya huonyesha hesabu ya matawi ya benki katika kila kaunti. Huo ni mwanzo mzuri. Lakini kujua ya kuwa kaunti ina matawi kadha wa kadha ni sawa na kujua idadi ya visima bila ya kujua maji yanakwenda wapi.

TUFANYE NINI?

Ndugu wanachama, hotuba isiyo na kazi ya kufanya ni upepo. Sisi twapendekeza mambo manne.

La kwanza, ndugu zetu wa chama cha wafanya kazi wa benki, BIFU, ambao hupatana na Umoja wa Wenye Benki, waungwe mkono katika kudai hesabu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 57, yamwamuru mwajiri akipe chama cha wafanya kazi habari zote zinazohusika ili kiweze kujadiliana ipasavyo. Tawi la benki likitajwa kuwa la hasara, habari zinazohusika ni nne: bei ya ndani, amana zilizokusanywa, gharama za tawi lenyewe, na gharama zilizoletwa kutoka makao makuu. Zikikosekana nne hizi, neno hasara halijathibitishwa.

La pili, wanachama wasome ukurasa wa mafungu katika kitabu cha hesabu cha mwaka. Kanuni yaitaka kampuni ieleze mafungu yauziana kwa hesabu gani, na ieleze ikiwa imebadili njia ya kupima faida. Mtafuteni mwenye watoto waliosoma biashara, mkae naye jioni mbili. Haihitaji zaidi ya kujumlisha na kutoa.

La tatu, kupitia kwa wabunge na Bunge la Kaunti, tuiombe Benki Kuu itangaze amana na mikopo kwa kila kaunti, benki zote zikijumlishwa pamoja. Hakuna siri ya mteja itakayotoka. Kifungu cha 35 cha katiba chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaonyesha njia ya kuziomba.

La nne latuhusu sisi wenyewe. Tangu 2008 Kenya ina mabenki yanayofuata sharia tupu, kama Gulf African na ile First Community ambayo tangu 2023 imekuwa ya Premier Bank. Tangu 2007 tuna M-Pesa, na tangu 2010 mabenki yameruhusiwa kuwa na mawakala madukani. Akina mama nao wana mchezo wao wa zamu, ayuuto, usio na riba wala karatasi. Basi tusiseme hatuna pa kwenda. Chama kikienda kwa benki na majina ya wafanya kazi mia tatu ambao mishahara yao yote hupita pale, hakiendi kuomba. Kinakwenda kupatana bei. Swali letu la kwanza kwa benki yo yote liwe hili: katika fedha tunazoweka kwenu, ni ngapi zitakazorudi Ijara kuwa mikopo ya halali ya kuchimba kisima, kununua ng'ombe, kujenga nyumba?

Ndugu, hatukuja kuwachochea mtoe fedha zenu benki, wala hatusemi ya kuwa faida ni dhambi. Benki isiyo na faida hufa, na amana za watu hufa nayo. Twasema tu ya kuwa aliyekamua ng'ombe na aliyemchunga wote wana haki ya kujua maziwa yalikuwa kibaba kingapi. Amana za Garissa zimo ndani ya zile bilioni zilizotangazwa Nairobi. Zimo katika mstari wa hazina, zimo katika mstari wa makampuni makubwa, na nyingine zimo katika "Mengineyo." Kazi yetu ni kuzitafuta, kuzitaja kwa jina, na kuzileta mezani siku ya kujadiliana.

Karatasi yenye hesabu ya mfano imepigwa chapa nyuma ya gazeti hili. Kila mwakilishi wa mahali pa kazi achukue moja, aifanye na wenzake kwa bei ya ndani ya 6, ya 9 na ya 12, kisha alete majibu katika mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.